Wembe wa Guka, na Video Ambayo Sijaiposti

Kwa simu yangu kuna klipu ya sekunde 41 ambayo sijawahi kuiposti. Najua ingeshika. Ina cheche za grainda, ina mikono ya fundi, ina chuma kikitoka kwa kutu nyekundu hadi kung'aa kama kioo kabla hujapumua mara mbili. Lakini ukiisimamisha karibu na mwisho, uangalie ncha vizuri, utaona rangi ya bluu ikitambaa kwenye makali. Ni rangi poa sana, manze. Hapo ndipo niliharibu wembe wa guka.

Wacha nianze mwanzo.

Guka anaishi Kajiado mjini, mimi niko Kitengela. Kati yetu ni kama kilomita 50 za barabara ya Namanga, unapita Isinya, na kama matatu haisimami kila hatua kubeba magunia, ni saa moja hivi. Alikuwa kinyozi. Sio kinyozi wa siku hizi mwenye kioo cha taa za rangi na posta ya staili thelathini ukutani, ambazo zote mwisho wa siku ni ile ile. Alikuwa na kiti cha mbao, beseni, sabuni, mshipi wa ngozi uliofungwa kwenye mti, na wembe wa kukunja. Mwaka jana tulikuwa tunamhamishia chumba cha mbele ndio asipande ngazi, mathe akashusha mkebe wa Kimbo kutoka juu ya kabati. Ndani kulikuwa na brashi iliyobaki na nywele za kuhesabu, kijiwe cheusi laini kama sabuni iliyotumika, na huo wembe.

Haukutaka kufunguka. Nilipoulazimisha ukalia kama mlango wa choo, na unga wa kutu ukaniangukia kwa suruali.

Mimi ndiye nimeitwa jina lake, kwa hivyo nikaona nina haki kuliko mabinamu wote. Nikamwambia, "Guka, hii naweza chukua nikaitengeneze?" Mtoto wa jicho amemfunika jicho moja kabisa na la pili linaelekea huko. Akanyoosha mkono, nikamwekea wembe kwenye kiganja, akaupapasa mgongo polepole kutoka shingoni mpaka nchani.

"Chukua," akasema. "Lakini usiung'arishe. Unoe."

Nikasema sawa, guka. Kichwani nilikuwa tayari nimeshapanga video itaanza na picha gani na kuisha na gani.

Nikiwa kwa gari narudi nikausafisha shingo na kidole, ile sehemu kati ya makali na kimkia cha kushikia. Jina la kiwanda lilikuwa limeliwa, lakini neno moja lilibaki: SOLINGEN. Chini yake, GERMANY. Usiku huo sikulala. Solingen ni mji wa Ujerumani ambao umetengeneza panga, visu, mikasi na nyembe kwa mamia ya miaka, na tangu 1938 kuna sheria ya Wajerumani inayolinda jina lenyewe, huwezi kuligonga tu kwa chuma chochote. Hata hilo neno la nchi lina stori yake. Mwaka wa 1887 Waingereza walipitisha sheria kwamba bidhaa za kigeni zionyeshe zilikotoka, wakidhani mteja wao akiona ni ya Mjerumani ataikimbia. Mteja akaanza kuitafuta.

Guka aliupata Nairobi, kwa kinyozi Mhindi ambaye alikuwa akimfagilia duka akiwa kijana. Mhindi akampunguzia kutoka kwa mshahara wake mpaka ukawa wake. Halafu akahamia nao Kajiado. Reli ya kutoka Konza kwenda Magadi inapita pale, kuna machimbo ya marumaru, kuna soko la ng'ombe, kwa hivyo ndevu hazikukosekana. Aliwanyoa watu wa reli, watu wa marumaru wenye vumbi jeupe mpaka kwenye kope, na wazee wa Kimaasai waliotaka kichwa chote kibaki laini. Nikamuuliza kama aliwahi kunyoa moran kwenye eunoto, ile sherehe ya kuingia kwa utu uzima. Akanishangaa. "Hiyo ni kazi ya mama yake," akasema. "Kinyozi anaingilia wapi hapo?"

Kilichomtoa kazini si mashine ya umeme, nilivyokuwa nikidhani. Ni hofu. Mgonjwa wa kwanza wa UKIMWI Kenya alitambuliwa 1984, na miaka iliyofuata kila redio na kila bango lilikuwa linasema usishiriki wembe. Wateja wakaanza kuja na Nacet zao zimefungwa kwa karatasi, halafu wengine wakaacha kuja. Kufikia Novemba 1999, Rais Moi alipotangaza ugonjwa huo kuwa janga la kitaifa, wembe wa Solingen ulikuwa tayari uko kwa mkebe. Guka halaumu mtu. Anasema walikuwa na haki, na yeye mwenyewe alikuwa anawaogopa wateja vile wao walikuwa wanamwogopa.

Na wacha niseme hapa mapema kabla mtu hajaenda kununua wa mtumba: huu ni wembe wa mtu mmoja. Damu usiyoiona inatosha kupitisha homa ya ini aina ya B. Ukiupenda, uwe wako peke yako kama mswaki.

Haya, kazi.

Wiki ya kwanza niliifanya kwa adabu. Kwanza nikatoa mpini. Ni vipande viwili vya kitu cha kahawia kinachofanana na pembe, lakini ni seluloidi, plastiki ya zamani sana. Nimejifunza kwamba seluloidi ikizeeka inaoza na kutoa mvuke wa asidi, na mvuke huo unakula chuma. Ndiyo maana kutu ya wembe wa guka ilikuwa mbaya zaidi pale pale unapolala ukifungwa. Miaka ishirini na kitu nyumba yake yenyewe ilikuwa inautafuna. Seluloidi pia inashika moto haraka kuliko karatasi. Hilo nilikuwa sijui wakati huo, na naomba ulikumbuke tukifika kwa cheche.

Nikalowesha chuma kwenye mafuta ya taa usiku kucha. Asubuhi nikaanza na msasa wa maji, namba 400, halafu 600, halafu 1000, kipande kidogo nimekifunga kwa kifutio, nikienda upande mmoja tu. Unasugua dakika arobaini, unafuta, unaona kama hujafanya kitu. Pande za wembe wa kukunja si bapa. Zimechimbwa kama bonde kutoka mgongoni hadi kwenye makali, ndio makali yawe membamba, na kutu inapenda kukaa chini ya hilo bonde. Kidole kinachoka. Siku ya nne nilikuwa na chuma cha kijivu chenye vishimo vidogo vyeusi, safi lakini hakivutii. Nikarekodi, nikaangalia rekodi. Ilikuwa kama video ya mtu anasugua kijiko.

Hapa nakuwa mkweli kwa sababu nyinyi ndio mmenilisha. Nilikuwa sijaposti wiki mbili. Namba zilikuwa zinashuka. Nikaona kazi ya kutosha imefanyika, sasa kilichobaki ni mng'ao.

Kuna mafundi wa mageti karibu na kwetu, wale wa kuchomea na kukata vyuma kando ya barabara. Nikaenda kwa mmoja ambaye tunajuana. Akaugeuza wembe mara mbili.

"Hii ni nyembamba, boss. Itachomeka."

"Sekunde kumi tu. Mwisho wa hapa tu, tuone vile inatoka."

"Mimi nimekwambia."

Fundi alisema mara mbili, na nataka hilo lijulikane. Nikaweka simu juu ya tofali, nikabonyeza kurekodi. Akaweka gurudumu laini kwenye grainda, akaugusa. Mpini nilikuwa nimeuacha nyumbani, na nikifikiria hizo cheche na ile seluloidi naona kuna mtu alikuwa ananiombea. Chuma kiling'aa. Nikapiga kelele ya furaha, iko kwa klipu. Halafu kwenye ncha ikatokea rangi ya dhahabu kidogo, ikawa ya kahawia, ikawa zambarau, ikawa bluu. Yote hiyo kwa muda wa kusema neno "bluu".

Nikadhani ni ya kupendeza. Nikaomba arudie upande wa pili.

Maana ya hiyo rangi ni hii. Wembe kama huu ni chuma cha kaboni kilichopashwa moto sana na kupozwa ghafla ili kiwe kigumu, halafu kikapashwa tena kidogo tu, kwa kipimo, ili kisiwe cha kuvunjika kama glasi. Huo ugumu ndio unafanya makali membamba vile yakae. Ukikipasha tena kupita kile kipimo, ugumu unaondoka, na chuma chenyewe kinakuonyesha kwa rangi kimefika wapi. Bluu ni karibu nyuzi 300 za Selsiasi. Kwenye mgongo mnene joto lina pa kwenda. Kwenye makali hakuna chuma cha kulipokea, kwa hivyo linafika kabla hujajua. Na ukishaiona bluu, hakuna polishi ya kuirudisha. Unaweza kuisugua rangi ikatoka, lakini chuma cha chini kimeshalegea.

Hayo yote nimeyasoma baadaye. Siku hiyo nilimlipa fundi, nikampa na ya soda.

Nikaagiza kinoo cha pande mbili, 1000 na 6000. Kunoa wembe wa kukunja ni rahisi kueleza: unaulaza bapa, mgongo na makali vyote vikigusa jiwe, mgongo ndio unakupangia pembe. Unasukuma makali yakitangulia, unaugeuza juu ya mgongo, unarudi. Hakuna kubonyeza. Ujanja niliojifunza ni kupaka makali wino wa marka, halafu unapitisha mara moja uone wino umetoka wapi. Karibu na shingo ulitoka. Katikati ulitoka. Kwenye ncha ulikuwa umekaa tu, kwa sababu grainda ilikula pale kidogo kuliko kwingine.

Nikanoa jioni baada ya jioni mpaka wino ukaanza kutoka kote. Nikahamia upande wa 6000. Nikapitisha kwenye mshipi wa zamani wa baba niliopaka polishi ya kijani. Nikajaribu kwenye mkono: kwenye shingo nywele zilikatika bila sauti. Kwenye ncha zilikatika pia! Nikaruka. Nikajinyoa nusu ya shavu, na hiyo ndiyo ilikuwa sababu yangu halisi ya kuutaka huu wembe, kando na video. Nina ndevu za kujikunja na vipele vya kidevu ambavyo vimenitesa tangu fomu tatu. Zile nyembe za plastiki za makali matatu au manne zinavuta unywele na kuukata chini ya ngozi, halafu wetu kwa sababu umejikunja unarudi kuingia ndani. Kwa makali mamoja, ukienda unakoelekea unywele, unapunguza hilo. Na kweli, sehemu ya shingo ya wembe ilipita shavuni kama hakuna kitu. Nilipofika kwenye ncha ikaanza kunyofoa. Nikaangalia makali kwa taa ya simu, yalikuwa yanameta. Makali yaliyosimama sawa hayameti. Ile sehemu laini ilikuwa imeshajikunja kwa ndevu za nusu shavu.

Nikanoa tena. Ikajikunja tena.

Sasa maoni, kwa sababu mnajua siwezi kukaa bila. Zile video za kufufua vitu vya zamani, nimeziangalia mamia, na nimetengeneza zangu, redio, pasi ya makaa, baiskeli. Zote zina tatizo moja: mwisho wake ni kung'aa. Kamera haiwezi kuona makali. Haiwezi kuona kama redio inashika stesheni vizuri ama kama pasi inashika joto. Inaona tu mng'ao, kwa hivyo sisi tunafanya kazi ya mng'ao na kukata hizo saa zingine zote, na mtoto wa kwetu anayeangalia anadhani kazi ndiyo hiyo. Sijui nyuma ya hizo video kuna vitu vingapi vizuri vimechomwa bluu. Changu ni kimoja. Na mwenye kitu alikuwa ameniambia kwa maneno matatu: usiung'arishe, lakini unoe.

Nilipoacha kampasi mwaka wa pili kufanya hii kazi ya kontenti, mathe hakupiga kelele. Alisema tu, "Mtoto akililia wembe, mpe." Nilikasirika miezi. Wiki hiyo nikiwa na plasta kwenye shavu alinipita jikoni, akaniangalia, akafungua mdomo, akaufunga. Ningependelea aseme.

Nilikaa karibu mwezi bila kwenda Kajiado. Guka alipiga simu mara moja, hakuuliza wembe, aliuliza kama Kitengela kumenyesha. Jumapili moja nikapanda matatu nao mfukoni. Mpini mpya nilikuwa nimeutengeneza kwa pembe ya ng'ombe kutoka kwa mtu wa bucha. Kukata pembe kwa msumeno kunanuka kama saluni imeshika moto, landilodi alikuja kuuliza. Pini za shaba nikazigonga kwa nyundo ndogo. Hiyo kazi ilitoka vizuri na nilikuwa natumaini itafunika ile nyingine.

Alikuwa ameketi nje. Nikamsalimia, nikakaa kwenye ndoo, nikampa. Akaufungua kwa kidole kimoja, akaufunga, akaufungua. Akapenda pembe, akauliza ni ya ng'ombe gani kama vile ningejua. Halafu akalamba ukucha wa dole gumba, akaweka makali juu yake, karibu na shingo ya wembe, akavuta polepole kuelekea ncha. Mwanzoni makali yalikuwa yanashika ukucha. Nikaona mkono wake ukisimama. Akarudi nyuma nusu inchi, akapita tena pale pale.

"Uliuchoma."

Haonani na bluu, nakumbusha. Na bluu yenyewe nilikuwa nimeisugua yote ikatoka.

"Ndiyo, guka."

"Na grainda?"

"Na grainda."

Akanyamaza. Kuna ndege walikuwa wanapiga kelele kwa mabati na nilitamani waendelee milele. Nikaanza kumwambia kuhusu nyuzi 300, jinsi chuma kinavyolegea, kama mtoto anayeeleza mwalimu sheria ya mvutano baada ya kuvunja dirisha. Akaniacha nimalize. Halafu akaweka vidole vyake kando ya makali, kimoja, viwili, vitatu.

"Vimebaki vidole vitatu vizuri," akasema. "Kidevu changu kinataka viwili."

Hakusema amenisamehe, na sikuuliza. Aliniambia niende nilete kile kijiwe cheusi kwenye mkebe. Akaniambia ncha iliyolegea niimalize kwa mkono, kwa jiwe, na maji, niizungushe iwe butu kabisa isije ikamkata mtu sikio, na nisisikie joto hata kidogo kwenye kidole. Nikisikia joto niweke chini niende nikanywe chai. Nilimuuliza kama itachukua muda. Akacheka mara ya kwanza siku hiyo.

Ilichukua Jumapili nne. Alikuwa ananisikiliza. Nikibonyeza sana sauti ya jiwe inabadilika, naye anagonga kiti. Jumapili ya nne akauchukua, akaupitisha kwenye mshipi wake mwenyewe, ule wa mti, halafu kwenye kiganja cha mkono wake wa kushoto, nyuma na mbele, haraka sana, haangalii, moyo wangu ukiwa mdomoni. Akalamba ukucha tena. Akanirudishia.

"Chemsha maji."

"Guka, mimi sijawahi kunyoa mtu."

"Kinyozi hajinyoi," akasema, na akaegemeza kichwa nyuma.

Nikamwekea taulo la moto. Nikapaka povu la Geisha. Nikavuta ngozi ya shavu kwa kidole gumba kama alivyoniambia, ngozi ya mzee inakuja na wewe kama shuka, na nikaweka wembe karibu kulala. Simu ilikuwa ndani inachajiwa. Nilimkata mara moja, chini ya kidevu, kidogo, na akasema "mmh" tu. Nilichukua kama dakika ishirini kwa kazi ambayo yeye alikuwa anaimaliza mteja akiwa bado anasimulia habari za ng'ombe.

Nilipomaliza akapitisha kiganja kwenye shavu la kulia, halafu la kushoto, halafu chini ya sikio, akasimama hapo.

"Hapa umeruka."

Nikapaka povu tena.